Kutembea Ugenini Kuchangia Tabianchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa vijana wanaofikiria kwenda nchi nyingine kutembea au kupanda mlima ili wachangishe fedha za kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Wazazi nao wanakaribishwa. Mara nyingi wao ndio wenye maswali magumu, na kuna mahali nimewajibu wao zaidi kuliko watoto wao.

Safari hizi huendaje?

Kijana hujiandikisha na shirika la hisani au kikundi cha wanafunzi, hupangiwa kiwango cha fedha cha kuchangisha, kisha hutumia miezi kadhaa akiomba michango. Mwishoni kikundi husafiri pamoja na kutembea siku mbili hadi kumi na kitu: Kilimanjaro, njia ya kwenda Everest Base Camp (kambi iliyo chini ya mlima Everest, Nepal), Njia ya Inka kule Peru, Toubkal ya Moroko na kwingineko. Wengi hudhani kazi ni ule mlima. Mlima huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kazi ni ile miezi ya kuomba.

Kwa nini nisichangishe tu bila kwenda kokote?

Unaweza, na wapo ambao wangefanikiwa zaidi kwa njia hiyo. Ila watu hufungua mkono upesi wakimwona anayeomba naye anatoka jasho. Mwaka 1980 Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alikimbia siku 143 na kufikisha kilomita 5,373 akiwa na mguu wa bandia, mpaka saratani ilipomrudia na kumsimamisha. Mbio zenye jina lake zinaendelea kuchangisha fedha za utafiti hadi leo.

Kwenye tabianchi, mfano ninaoupenda ni wa Yeb Saño wa Ufilipino, aliyekuwa mjumbe mkuu wa nchi yake kwenye mazungumzo ya Umoja wa Mataifa wakati kimbunga Haiyan kilipopiga mwaka 2013. Mwaka uliofuata alitembea na wenzake kutoka Manila hadi Tacloban, kama kilomita 1,000, wakafika siku kimbunga kilipotimiza mwaka. Mwaka 2015 akatembea tena, kutoka Roma hadi Paris, kuelekea mkutano uliozaa Mkataba wa Paris. Angalia jambo moja: safari ile ya kwanza ilikuwa ndani ya nchi yake mwenyewe, na haikupoteza uzito hata chembe.

Kupanda ndege ili kuokoa tabianchi, huo si unafiki?

Swali hili ni la haki. Ukiulizwa usikasirike, maana utaulizwa.

Usafiri wa anga hutoa takribani asilimia 2.5 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na mchango wake katika kuongeza joto ni mkubwa kuliko hapo, kwa sababu ya mistari ya mawingu ambayo ndege huiacha angani na gesi nyingine zinazotoka huko juu. Safari ya kwenda na kurudi kati ya London na New York hukadiriwa kufikia karibu tani moja kwa abiria wa daraja la kawaida, ikitegemea ndege na namna ya kukokotoa. Kikundi cha watu ishirini kikienda mbali kiasi hicho kimekwisha kutoa tani ishirini kabla mtu hajafunga kamba za buti.

Kwa hiyo mimi hupima hivi. Jiulize kama watu walewale wangekupa fedha zilezile kwa kutembea siku saba karibu na unapoishi. Kama jibu ni ndiyo, ndege haina kazi hapo; tembea karibu. Kama jibu ni hapana, kwa sababu jina la mlima ndilo linalofungua mifuko, basi angalia kiasi kitakachofika kwenye mradi baada ya gharama zote kutolewa. Kikiwa kidogo, safari hiyo ni utalii. Utalii si dhambi, lakini usiombewe michango.

Kati ya kukaa na kuruka kuna njia nyingine. Mtu aliyeko Ulaya anaweza kufika Toubkal kwa treni, feri na gari, na Camino de Santiago, njia ya hija ya Hispania, inafikika bila ndege kutoka nchi nyingi za bara hilo. Mwaka 2019 Greta Thunberg alivuka Atlantiki kwa mashua ya matanga kwenda New York; hutarajiwi kufanya hivyo, ila safari ya nchi kavu ya siku mbili nayo ni habari ya kuwasimulia wachangiaji. Kama lazima uruke, kata tiketi ya daraja la kawaida, kwa sababu viti vya madaraja ya juu hula nafasi na hivyo kubeba sehemu kubwa zaidi ya moshi wa ndege ileile, na chagua ndege isiyounganisha mara nyingi.

Si nitalipia tu hati za kaboni?

Hati hizo ni malipo kwa mradi unaoahidi kupunguza kaboni mahali pengine ili kufidia uliyoitoa. Lipia ukitaka, ila usiseme kwamba safari yako haina madhara. Ubora wa hati hizi unatofautiana sana. Msitu uliolipiwa usikatwe pengine haukuwa na mtu wa kuukata, na mti uliopandwa leo utachukua miaka mingi kunyonya kile ambacho ndege imetoa kwa saa nane. Ni afadhali kumwambia mchangiaji ukweli: safari hii ina gharama ya kaboni, kiasi chake ni hiki, na hizi ndizo sababu zilizotufanya tuone inafaa.

Nani hulipia safari yangu?

Hapa ndipo majina mazuri huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna mitindo miwili. Wa kwanza, unalipa mwenyewe nauli, viza, bima, waongozaji na malazi, na kila mchango unaoletewa unaenda kwenye mradi. Wa pili, unalipa ada ndogo ya kujiandikisha na kuahidi kiwango fulani cha michango, na shirika linakata gharama za safari yako humohumo. Mtindo wa pili huwafungulia mlango vijana wasio na fedha, na hiyo ni sababu nzuri ya kuwepo kwake. Lakini maana yake ni kwamba shangazi yako aliyedhani ananunua miche ya mikoko amekununulia sehemu ya tiketi ya ndege.

Mtindo huo haukosei kama shangazi anajua. Unakosea asipojua. Nchini Uingereza kanuni za uchangishaji zinataka mchangiaji aelezwe pale gharama za mshiriki zinapotoka kwenye michango, na hata utaratibu wa Gift Aid, ambapo serikali huliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni, huwa na vikwazo kwa michango ya mshiriki na ndugu zake wa karibu ikiwa shirika ndilo linalomlipia safari. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, andika kwenye ujumbe wako sentensi mbili: gharama ya safari yangu ni kiasi fulani na inalipwa na fulani; na katika kila mchango, sehemu fulani inafika kwenye mradi. Ukiona aibu kuiandika sentensi ya pili, hesabu yenyewe ina kasoro.

Kwa maoni yangu, kama zaidi ya nusu ya michango inamezwa na safari, vunja mpango na utafute njia ya karibu. Wengine huweka mstari mahali pengine. Muhimu ni kwamba mstari uwepo kabla hamjaanza kuomba.

Nitachangishaje kiasi kikubwa hivyo?

Kidogo kidogo na mapema. Anza na watu ishirini wanaokufahamu kwa jina kabla ya kutupa kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu ukurasa wa michango unaosoma sifuri humkimbiza mgeni. Omba kiasi maalumu. "Changia chochote" huleta chochote. Waajiri wengine huongeza kiasi sawa na kilichochangwa na mfanyakazi wao, basi uliza. Matukio ya kuuza chakula, bonanza la michezo, kuosha magari: yote hufanya kazi, ingawa hula muda mwingi kuliko unavyodhani. Na shukrani itumwe siku ileile mchango unapoingia, isisubiri urudi.

Usikusanye fedha kwenye akaunti yako binafsi au namba yako ya simu. Hata ukiwa mwaminifu kupindukia, siku mtu akiuliza hesabu utakuwa peke yako.

Nitajuaje kwamba mradi ni wa kweli?

"Tabianchi" ni neno pana na kila kitu kinaweza kutiwa humo. Kuna kazi za kupunguza gesijoto, kama umeme wa jua, majiko sanifu na kulinda misitu, na kuna kazi za kuwasaidia watu kuhimili mabadiliko yaliyokwisha kufika: mbegu zinazostahimili ukame, visima, mifumo ya tahadhari ya mafuriko. Kundi la pili halipigwi picha nyingi, lakini kwa watu ambao hawakulisababisha tatizo hili, mara nyingi ndilo linalohitajika kwanza.

Uliza mradi unafanywa na nani, wapi, tangu lini, na taarifa ya fedha ya mwaka uliopita iko wapi. Ikiwa ni miti, usiulize iliyopandwa. Uliza iliyo hai baada ya miaka mitatu. Wangari Maathai wa Kenya aliliona hili mapema. Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977 iliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi, si kwa kila shimo lililochimbwa. Uliza pia ardhi ni ya nani na ni jamii ipi ina miti hiyo chini ya ulinzi wake. Shirika zuri litafurahi kuulizwa.

Nichague njia ipi?

Chagua kwa mwili wako na kalenda yako, si kwa picha.

Kilimanjaro ina mita 5,895 na haihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba, jambo linalowadanganya wengi kwamba ni rahisi. Hairuhusiwi kupanda bila waongozaji waliosajiliwa. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala na watu huimaliza kwa siku tano au sita. Lemosho na Machame ni za mahema. Siku za ziada ndizo zinazowafikisha watu juu, kwa hiyo wakala anayekuuzia siku tano kwa bei poa anakuuzia pia uwezekano mkubwa wa kuishia njiani. Kwa kikundi cha tabianchi mlima huu una somo lake: eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912 limepungua kwa takribani asilimia 85 ndani ya miaka mia moja.

Everest Base Camp iko mita 5,364. Wengi huanzia Lukla, mji mdogo wa milimani, ambako ndege ndogo huahirishwa mara kwa mara kwa sababu ya hali ya hewa. Acheni siku mbili au tatu za akiba. Nepal ilitangaza mwaka 2023 kwamba wageni wanaotembea milimani wawe na mwongozaji mwenye leseni.

Njia ya Inka hufungwa kila Februari, na kwa siku huingia watu 500 tu, wapagazi na waongozaji wakiwemo. Kibali hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti na hakihamishiki, kwa hiyo kikundi kinachobadilisha wanachama kila wiki kisiende huko. Toubkal, mita 4,167, ni fupi zaidi na hupandwa kwa siku mbili au tatu. Asiyetaka mwinuko kabisa ana Camino, ambako kilomita 100 za mwisho kwa miguu zinatosha kupewa cheti cha hija.

Ugonjwa wa mwinuko ni hatari kweli?

Ndiyo, na hauangalii nguvu za mtu. Mwanariadha anaweza kulala chini akitapika huku mwenzake mnene akiendelea kupiga hatua. Juu ya Kilimanjaro shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Hapo unasimama; hupandi zaidi mpaka zipungue. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa mapovu au kuhema hata akiwa ameketi, ubongo wake unavimba au mapafu yake yanajaa maji. Huyo anateremshwa mara moja, hata kama ni saa nane usiku, na hateremshwi peke yake. Maisha mengi yamepotea kwa kungoja asubuhi.

Kinga iliyo bora ni mwendo. Ukishavuka mita 3,000, pandisha mahali pa kulala kwa mita zisizozidi 500 kwa usiku, na weka siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Milima mingine hailazi kambi kwa vipimo hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua njia ndefu. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini humfanya mtu akojoe sana na ahisi vidole vikiwasha, na si kila mtu anaruhusiwa kuitumia, hivyo daktari aulizwe kabla. Wapagazi wanaposema "pole pole" hawakutanii.

Kwa wazazi: muulizeni mwandaaji nani ana mamlaka ya kumrudisha mtoto wenu chini. Jibu sahihi ni mwongozaji, na hakuna mshiriki, mfadhili wala mpiga picha anayeweza kumpinga.

Nijiandae vipi?

Tembea. Anza miezi minne kabla, na begi lenye uzito ule utakaoubeba, kwenye ngazi kama hakuna vilima. Fanya siku mbili mfululizo kila wikendi, maana siku ya pili ndiyo inayoonyesha ukweli. Buti zizoeshe miguu yako ukiwa bado nyumbani. Buti mpya mlimani ni malengelenge.

Nina miaka 17. Naruhusiwa?

Inategemea shirika na mlima. Utahitaji idhini ya wazazi kwa maandishi, na mwandaaji awe na utaratibu wa ulinzi wa watoto anaoweza kukuonyesha, si kukusimulia.

Wapagazi wanatendewaje?

Bila wao hakuna safari, na kikundi kinachohubiri haki ya tabianchi huku mpagazi akilala na njaa kimejikanusha. Kiwango kinachokubalika Kilimanjaro ni kilo 20 kwa mpagazi. Kwa Nepal, kundi la International Porter Protection Group linapendekeza kisichozidi kilo 30. Mizigo hupimwa getini, lakini huongezwa ukipita kona, kwa hiyo fumbua macho.

Kabla ya kulipa, uliza wapagazi hulipwa kiasi gani kwa siku na lini, hula mara ngapi, hulala wapi, wana nguo gani za baridi, na akiugua nani hugharimia matibabu. Kilimanjaro Porters Assistance Project ina orodha ya kampuni zilizokubali kukaguliwa, anzia hapo. Safari ya bei ya chini sana imepunguzwa mahali fulani, na mahali hapo huwa ni mgongo wa mtu. Bakshishi pia ipangwe kwenye bajeti tangu mwanzo na itolewe hadharani, kila mtu akijua fungu lake, isikabidhiwe mkuu mmoja ili "agawe baadaye".

Viza, chanjo, bima?

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya safari. Chanjo ya homa ya manjano hudaiwa na nchi kadhaa kulingana na ulikotoka au ulikopitia. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 ni cha maisha. Bima ndiyo inayosahaulika: nyingi za kawaida huishia kwenye mwinuko fulani, hivyo hakikisha imeandikwa kwa tarakimu kwamba inafika juu ya kilele chenu na kwamba inalipia uokoaji wa helikopta.

Tutafanya pia kazi za kujitolea vijijini?

Safari nyingi huongeza siku moja ya kupanda miti au kutembelea shule. Sipendi sana. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi, hata isiyo na malipo. Mti uliopandwa na mgeni aliyechoka kwa ajili ya picha huwa wa kwanza kufa. Vituo vya watoto yatima visiguswe kabisa. Ziara za wageni huwaumiza watoto na huwapa watu wabaya sababu ya kuwatoa katika familia zao. Kutembelea mradi mnaouchangia ni jambo jingine: nendeni wachache, kwa mwaliko, sikilizeni wenyeji wakieleza kinachofanya kazi na kisichofanya, ondokeni.

Taka na choo?

Ulichopanda nacho unateremka nacho, ikiwa ni pamoja na karatasi ya chooni iliyotumika, kwenye mfuko unaofungwa. Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2019, basi usifungie nguo humo. Beba chupa ya kujazwa tena. Maji yachemshwe: chini ya mita 2,000 dakika moja inatosha, juu ya hapo CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, inashauri dakika tatu, kwa kuwa huchemka kwenye joto la chini.

Nisipofika kileleni, michango hurudishwa?

Hapana, na hakuna mchangiaji mwenye akili atakayeidai. Mwambie ulipogeukia na kwa nini. Ili kuepuka maswali, usiandike "nichangie nifike kileleni". Andika mradi kwanza, mlima baadaye.

Na nikijitoa kabla ya safari?

Fedha zilizokwisha changwa ni za mradi, si zako, kwa hiyo hubaki huko. Wajulishe wachangiaji ndani ya wiki moja, na kama sehemu ya michango yao ilikuwa ilipie nafasi yako, waulize kama wanataka irudishwe au iingie yote kwenye mradi. Malipo ya awali ya ndege na ya vibali kwa kawaida hayarudi, na shirika linaweza kukudai yale ambayo limeshalipa kwa jina lako. Kipengele hicho huwa karibu na mwisho wa fomu. Kisome kabla ya kutia saini.